Mabeseni Mawili ya Mama Marie-Thérèse

Ukitaka kumjua Mama Marie-Thérèse Nkulu, nenda naye sokoni siku samaki wakavu wa Mulongo wanapoingia Kamina. Wenzake hushika samaki wa juu, hunusa, hulipa, huondoka. Yeye humwambia muuzaji amwage kikapu kizima juu ya gunia, mpaka samaki wa mwisho. Muuzaji akinuna, humjibu kwa upole kabisa: "Kama ya chini iko sawa na ya juu, unaogopa nini?" Na mara nyingi ya chini haiwi sawa na ya juu. Wachuuzi wakimwona anakuja na kapu lake kichwani huanza kupanga upya biashara yao, huku wakiguna.

Ni dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo mimi, Lise, namwita Mama Mukubwa. Nimekula bukari yake, ugali wa huku kwetu, tangu sijaota meno ya pili, na bado nakaa nyumba inayotazamana na yake, ng'ambo ya barabara. Sitamsingizia wala sitamsafisha. Nampenda, ila kuna siku nilitamani kumshika mabega nimtikise mpaka akili imrudie.

Shaka yake aliipata kwa haki. Aliolewa na fundi wa reli hapa Kamina, na mumewe alipofariki alirudi kwao Mulongo na mwanawe Lumbu. Miaka ya wanamgambo ikamkuta kule. Watu waliofika wakisema wamekuja kuwalinda ndio hao hao waliochota mihogo ghalani na kuondoka na mitumbwi. Alirudi Kamina kwa miguu, Lumbu mgongoni, na tangu hapo mtu akimwambia amekuja kumsaidia, yeye humtazama mikono kwanza.

Lumbu alipokua alimuoa Gisèle, wakamzaa Ndaya. Ndaya alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao hapa kwetu kila mtu anauita SS. Chembe za damu yake zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, na mifupa inamuuma hadi anang'ata shuka. Ana miaka minane, mwili wa mtoto wa mitano, na mdomo wa mama mkwe. Akiwa mzima anaimba kwaya ya watoto parokiani na kuwakosoa wenzake wote. Akizidiwa, nyumba nzima inanyamaza, na Mama Mukubwa humkanda miguu kwa maji ya moto.

Mwaka juzi alifika mjini mtu mmoja anayeitwa Kapenda. Alipanga nyumba upande wa kambi ya jeshi, akatundika ubao, akafunga tai, akaanza kuita watu. Alikuwa anauza unga ndani ya vifuko vinavyong'aa. Alisema ndani yake mna cellules souches, yaani seli shina, zile seli changa ambazo hazijaamua zitakuwa nini, zinazoweza kugeuka damu, mfupa au jicho. Unaweka unga chini ya ulimi, unangoja. Mama Mukubwa alikwenda kumwumbua. Akamwambia amwage vifuko vyote mezani, na Kapenda akavimwaga vyote bila kusita, akampa achague mwenyewe afungue kipi. Vyote vilikuwa sawa. Kisha akaweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba Ndaya angepona kabla ya Noeli.

Mambo mawili hayo yakamlainisha: ya chini ilikuwa sawa na ya juu, na mtu ameapa. Mbuzi wakauzwa. Kapenda akaagiza mtoto aachishwe vidonge vya hospitali, maana eti vinapigana na unga wake, na vikaachwa. Noeli ilimkuta Ndaya hospitalini akiongezewa damu, macho ya manjano, hamjui baba wala mama. Alinusurika kwa bahati tu. Nyumba ya Kapenda tukaikuta imefungwa, na watu wakasema yuko Kolwezi, anauza uleule unga kwa watu wengine.

Hakuna aliyemlaumu Mama Mukubwa kwa sauti. Alijilaumu mwenyewe, tena bila kupumzika, na shaka yake ikabadilika. Zamani ilikuwa tabia tu, tuliicheka hata mbele yake. Sasa ilikuwa na hasira ndani, na tuliacha kucheka.

Basi fikiria daktari Tshiala anaingia uani mwetu mwaka huu, Gisèle akiwa na mimba kubwa, na maneno ya kwanza yanayomtoka ni yale yale mawili ya Kapenda: cellules souches.

Alikuwa mwanamke mfupi, kavaa viatu vya plastiki kwa ajili ya tope, anatoka Lubumbashi ambako yeye na wenzake wanafanya utafiti. Alikaa kwenye kiti alichopewa na Gisèle, maana Mama Mukubwa hakumpa. Alieleza polepole. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma baada ya mtoto kuzaliwa ina seli shina zinazoweza kutengeneza damu mpya. Mtoto wa Gisèle akizaliwa bila SS, na damu yake ikifanana na ya dada yake, seli hizo zinaweza kutunzwa kwenye baridi kali, na siku moja Ndaya akapewa katika hospitali kubwa ng'ambo inayoshirikiana nao.

"Docteur," Mama Mukubwa akamkata, "hii maneno tulishaisikiaka."

"Najua, Mama. Bantu banauzisha unga na hii jina mu mji muzima. Ile haiko dawa."

"Na yako njo dawa?"

"Haiyakuwa bado dawa ya kila muntu. Kuna batoto ilisaidia sana. Kuna benye mwili yao ilikataa. Kuna na benye balikufwa, juu kwanza unapewa dawa ya nguvu ya kuondoa damu ya zamani."

"Kuko batoto benye balikufwa."

"Ndiyo, Mama. Na pengine hata damu ya huyu mutoto haitafanana. Kwa bandugu ba baba moja na mama moja, mara nyingi haifanane. Hapa Kamina tunatafuta kwanza kujua kama damu inaweza kutoka hapa na ndege na kufika Lubumbashi ikiwa muzima. Hiyo tu."

Gisèle alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa mkeka. Lumbu aliuliza maswali mawili matatu ya maana, daktari akajibu, na mahali asipojua alisema hajui. Wale wawili wakakubali siku ile ile, na wakatoa damu kidogo vidoleni, wao na Ndaya, ije ilinganishwe baadaye. Mama Mukubwa hakusema ndiyo wala hapana. Mtu kama yule akinyamaza ungepaswa kuogopa, lakini sisi tuliona amechoka tu.

Nilikuja kuelewa hesabu yake baadaye, aliponieleza mwenyewe. Kapenda mwizi alisema dawa inaponya. Huyu anasema inaweza kuua, haijulikani, haifanani, na bado anaitaka. Kama haina faida kwetu, kwa nini atoke Lubumbashi kuifuata? Basi faida ni yake. Hakumwona daktari kama mkweli, alimwona kama mwizi mwenye akili zaidi ya yule wa kwanza.

Na kilichoombwa hakikuwa kitu kidogo. Kwetu kondo la mtoto hupokewa na bibi mzaa baba. Yeye ndiye anayesimama mlangoni mwa materniti, wodi ya kujifungulia, na beseni lenye kifuniko, analitazama kama limetoka zima, analifunika, analipeleka nyumbani bila kumsimulia mtu njiani, na kulizika nyuma ya jiko penye mgomba. Mahali lilipozikwa, hapo ndipo kwao mtoto, hata akiishi Ulaya. Mtu mwenye nia mbaya akilipata anaweza kumfunga mtoto uzazi, au kumfanya awe mtu wa kutangatanga. Unaweza kucheka. Mimi nimesoma mpaka chuo cha ualimu, na kondo la wanangu wote lilizikwa vivyo hivyo.

Uchungu ulimshika Gisèle alfajiri, na kufikia asubuhi tulikuwa materniti. Kitanda cha pili alikuwepo Clotilde, mke wa sajini Bokungu wa kambini. Clotilde anatoka mbali, mkoa wa Équateur, mumewe alikuwa amepelekwa kikazi Malemba-Nkulu, na hana shangazi, mama wala wifi hapa Kamina. Wake za askari wengi huzaa hivyo, peke yao, na kondo zao huishia shimo la hospitali. Yeye hakutaka hivyo. Alikuwa anauza mafuta ya mawese karibu na meza ya Mama Mukubwa sokoni, wanasalimiana, kwa hiyo alimwomba.

"Mama, minyi siko na muntu hapa. Unizikie na ya mutoto wangu."

"Usiwaze," Mama Mukubwa akamwambia. "Nitaizika kama ya mwenyewe." Nilimsikia kwa masikio yangu, na nikaona huruma ile ilikuwa ya kweli.

Watoto walikuja wakifuatana, wa Clotilde kwanza na wa Gisèle baada yake kidogo tu, wavulana wote. Mkunga alikuwa mmoja na Clotilde alianza kutoka damu nyingi, kwa hiyo akawa anakwenda mbio. Alimpa Mama Mukubwa mabeseni yote mawili pale mlangoni. "Ya Gisèle mubeseni ya enameli, ya mwenzake mu ya plastiki," alisema. "Ya Gisèle upeleke sasa hivi kwa docteur, mu kale kachumba. Damu inaganda haraka."

Mimi nilikuwa hatua chache tu, nimebeba nguo za mtoto. Nilimwona akitembea koridoni, nikamwona akisimama akiwa ameinama, nikadhani anarekebisha kanga yake. Kisha akaingia kwa daktari na beseni la enameli mkononi, akamkabidhi.

"Hii njo ya Gisèle?" daktari akauliza.

"Njo ile."

Daktari akaandika jina kwenye mfuko. Akatundika kondo, akachoma mshipa wa kitovu, damu ikashuka mfukoni, nyeusi nyeusi, kama glasi moja ya chai. Akaufunga mfuko ndani ya sanduku la baridi, na gari likampeleka uwanja wa ndege. Gisèle kitandani alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alinishika mkono akaniambia kwamba leo amezaa watoto wawili, huyu Kitenge, na Ndaya mara ya pili. Mama Mukubwa alikuwa amesimama nyuma yangu na alisikia.

Majuma yakapita. Kitenge alinenepa, akapata mashavu, akawa analia kwa sauti ya kuudhi. Ndaya alimpenda kupita kiasi na alimwambia kila mtu kwamba kadogo kake kamemletea damu. Kila alipolisema hilo, Mama Mukubwa alipata kazi ya ghafla jikoni.

Daktari Tshiala aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika. Hakutaka chai. Aliomba Lumbu na Gisèle wakae naye ndani, lakini nyumba zetu hazina ndani kiasi hicho, na sote tulisikia. Damu ya mfuko ilikuwa imefika Lubumbashi ikiwa hai, akasema. Utafiti umefanikiwa upande huo. Lakini walipoilinganisha na za familia, haikuwa ya ndugu wa Ndaya.

Lumbu alimgeukia mkewe. Sitasahau namna alivyomgeukia.

"Basi huyu mutoto iko wa nani?"

"Hapana, Tata Lumbu," daktari akasema haraka. "Haiko vile. Haifanane na ya Gisèle pia. Ile damu haikutoka kwa mutoto mwenye Gisèle alizaa."

Gisèle alimtazama Kitenge aliyekuwa ziwani kwake, akamtoa, akamtazama tena. Daktari aliendelea kuongea. Pengine majina yamechanganywa maabara, alisema, ingawa wamehakikisha mara nyingi. Pengine ni watoto waliochanganywa materniti. Lazima wapimwe wote wawili, huyu na wa yule mama mwingine aliyezaa asubuhi ile, ila itachukua siku. Aliomba radhi. Alionekana mtu ambaye hajalala.

Niseme wazi kwamba wakati ule nilimshuku daktari. Nilidhani ameuza ile damu na sasa anatafuta pa kutokea. Niliwaambia hivyo majirani, nao wakapokea kwa furaha. Kesho yake mji mzima ulikuwa na habari: watoto wanabadilishwa materniti ili damu yao iuzwe. Wanawake wawili wajawazito waliokuwa wameandikishwa kwenye utafiti walijitoa. Mkunga alitukanwa sokoni mpaka akaacha mboga zake akakimbia.

Gisèle alimnyonyesha Kitenge akiwa ameangalia ukuta. Usiku Lumbu hakuongea naye. Ndaya aliuliza kama kadogo kake kataenda kambini kwa mama yake wa kweli. Mama Mukubwa aliyaona yote haya. Alipika, alifagia, alikwenda misa ya asubuhi, akarudi, akafagia tena mahali palipokwisha kufagiwa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Siku ya tatu Clotilde alikuja mwenyewe kutoka kambini, mtoto mgongoni, amevimba macho. Hakumsalimu mtu. Gisèle alitandika mkeka, na wale wanawake wawili wakawavua watoto nguo wakawalaza ubavu kwa ubavu. Wakaanza kuwakagua. Masikio, vidole vya miguu, alama za kuzaliwa. Clotilde alisema wa kwake ana nyusi za Bokungu, kisha akasema hajui tena. Gisèle, taratibu sana, akanyoosha mkono kumchukua yule mtoto wa Clotilde, amjaribu kifuani.

"Muache," Mama Mukubwa akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, amekunja kanga yake kwenye ngumi. "Muache, Gisèle. Kila muntu iko na mutoto wake. Hakuna mwenye alibadilishwa. Minyi njo nilibadilisha makondo. Ya Clotilde njo nilimupatia docteur. Ya Kitenge iko hapa nyuma, ku mugomba."

Gisèle alibaki na mkono hewani.

Clotilde ndiye aliyeongea kwanza. "Uliniambia utaizika ya mutoto wangu."

"Niliizika. Docteur alinirudishia, nikaizika."

"Wapi? Pa mugomba yenu?"

Mama Mukubwa akajibu bila kumtazama. "Pa uzio. Kwenye tunatupaka majivu."

"Ulimuogopea wako, ukawapatia wangu," Clotilde akasema. Hakupaza sauti. "Kama docteur iko mulozi, apate ya wangu. Juu minyi siko wa hapa." Akamvika mwanawe nguo, akamfunga mgongoni, akaondoka, na mpaka leo hapangi tena mafuta yake karibu na ile meza.

Nilimkasirikia Mama Mukubwa namna ambayo sikujua ninaweza. Mtu ambaye hununua samaki kwa kumwaga kikapu chote alimwona binti mwenye kutoka damu, asiye na mtu, akamtumia kama kifuniko. Nilimwambia hivyo usoni. Alikubali. Alisema, "Ni vile, Lise," na hilo likaniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

Daktari alipoambiwa, tulitegemea angefoka. Alisema tu kwamba kosa lingine ni lao. Walipaswa kuchukua wenyewe kondo kutoka mkononi mwa mkunga, na kupima kabla ya kuandika jina lolote, badala ya kuamini neno la mtu koridoni. Kuanzia sasa hivyo ndivyo itakavyofanywa, hata kwa mama yake mzazi. Kisha akaenda kambini kumwuliza Clotilde afanye nini na ile damu ya mwanawe iliyoko kwenye baridi Lubumbashi. Alimweleza kwamba inaweza kusaidia utafiti, na kwamba ni haki yake kukataa. Clotilde akakataa. Alitaka iharibiwe. Daktari hakumbembeleza. Iliharibiwa, na Clotilde akaonyeshwa kwenye simu, moja kwa moja, mfuko ukifunguliwa na kumwagwa.

Hilo Mama Mukubwa hakuweza kuliacha. Alinijia jioni tukiwa tunachambua maharage. "Angeweza kusema ameimwaga na kuibakisha," aliniambia. "Nani angejua?" Nilimjibu kwamba hakuna. Akachambua maharage muda mrefu, akatupa na mazima.

Kitenge alipimwa, kwa tone la kisigino. Daktari alirudi na majibu mwishoni mwa mvua. Safari hii Mama Mukubwa ndiye aliyetoa kiti, akakipangusa kwa kanga.

"Kitenge hana SS," daktari akasema. "Na damu yake inafanana na ya Ndaya. Yote. Hatukutegemea."

Gisèle akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajafikiri, kisha nikaona anafikiri. Macho yake yalikwenda nyuma ya jiko, penye mgomba, yakabaki huko. Lumbu aliinuka akatoka mpaka barabarani akasimama, mgongo kwetu.

"Iko na njia ingine," daktari akasema. "Mutoto akikomaa kidogo, tunaweza kutoa uboho mu mufupa wake wa kiuno, iko na seli zile zile. Haitamuumiza sana, itarudia mwenyewe. Lakini anapashwa kufikisha kilo, na ile hospitali ikuwe bado inapokea, na Ndaya akuwe bado na nguvu."

"Na Ndaya atangoja?" Mama Mukubwa akauliza.

"Sijue, Mama."

"Ile siku atapewa, atapona?"

"Kwa batoto benye damu inafanana hivi, bengi banapona. Lakini siwezi kukuambia juu ya huyu mumoja."

Mama Mukubwa alipiga magoti mbele ya kile kiti. Ana miaka zaidi ya sitini na sijawahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. "Docteur, ile mwizi alituapia. Aliweka mukono ku Biblia. Weye, na masomo yako yote, unashindwa kuapa kidogo tu? Sema atapona. Hata kama unanidanganya, sema. Nitakuamini."

Daktari alikuwa analia, na mimi pia. "Siwezi, Mama," akasema. "Siku nitakuambia vile, unifukuze hapa."

Mama Mukubwa alibaki magotini. Gisèle hakumsogelea kumwinua, na sikumlaumu Gisèle. Baada ya muda aliinuka peke yake akishika ukuta, akaenda nyuma ya mkwewe, akafungua fundo la kanga akamtoa Kitenge mgongoni. Alimbeba mwenyewe mpaka kwa daktari akamweka mikononi mwake, yeye ambaye tangu mtoto azaliwe hakumruhusu mgeni yeyote amguse.

"Mupime," akasema.

Daktari alikuwa na mzani wa kuning'iniza begini. Lumbu aliitwa, akaufunga kwenye boriti ya jiko, na Kitenge akatiwa kwenye mkoba wake wa kitambaa akaanza kulia kwa ile sauti yake. Mshale ulitikisika, ukatulia. Daktari akausoma kwa sauti.

Ndaya alikuwa ameegemea mlango, amejifunika shuka, maana miguu ilikuwa imeanza kumuuma tangu asubuhi na hakutaka kusema. "Inatosha, Kambo?" akamwuliza bibi yake.

Mama Mukubwa aliutazama ule mshale, akausogelea, akautazama tena.

"Haiyatosha, mwana wangu," akasema. "Haiyatosha hata kidogo."

Kisha akamtoa mtoto mzanini, akampa Gisèle, akamwomba aketi amnyonyeshe, na yeye akaenda kuchemsha maji ya miguu ya Ndaya.